Samawati ya Siku za Mvua

Wewe unayesoma hapa, umewahi kumfukuza mtoto wako nyumbani kwa sababu ya kopo moja la rangi? Usijibu haraka. Wengi wanaofukuza watoto hawawafukuzi kwa jambo kubwa. Jambo kubwa huitishiwa kikao, wakaitwa wajomba na mashangazi, likazungumzwa mpaka likapoa. Ni lile dogo, la saa tisa alasiri, jua likiwaka na watu wakitazama, ndilo linalomtoa mtu maneno asiyoweza kuyameza tena.

Fundi Cheupe alimfukuza wa kwake saa tisa alasiri.

Jina la Cheupe alipewa na majirani, kwa kuwa kila jioni alirudi kutoka kazini akiwa mweupe kuanzia nyusi mpaka kucha za miguu, na mkewe hakumruhusu kugusa kiti kabla hajaoga. Kwa miaka thelathini na mitano alipaka chokaa: shule, zahanati, kituo cha polisi, ukuta wa makaburi, vyoo vya soko. Aliiloweka mwenyewe kwenye pipa, akaiacha siku tatu, akaitia chumvi ili ishike ukuta, kisha akaichuja kwa kipande cha pazia la zamani. Kwake ukuta mweupe ndio ukuta uliovaa, na ukuta wa rangi ni ukuta unaojishaua. Waliompa kazi waliamini vivyo hivyo, tena kwa sababu mbaya zaidi: walitaka kila jengo la wananchi lifanane na shuka la hospitali, mtu akiingia humo aongee kwa sauti ya chini na asiulize maswali.

Mwanawe wa kwanza aliifuata kazi ya baba. Alikuwa wa mkono wa kushoto, kwa hiyo watu wakamwita Shoto, na wazazi wake wakawa Baba Shoto na Mama Shoto. Kijana alikuwa na mkono mwepesi na tabia moja iliyomkera baba yake kupita kiasi. Akimaliza dirisha, badala ya kuikung'utia brashi kwenye kopo, aliifutia ukutani, chini ya dirisha, michirizi mitatu: mrefu, wa kati, mfupi, yote imelala upande ambao mkono wa kulia hauwezi kuilaza. Baba alimwambia mara mia kwamba ukuta si kitambaa cha kufutia. Shoto alicheka, akaifunika michirizi kwa chokaa, na kwenye dirisha lililofuata akafanya tena.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Ilikuwa shule ya msingi, madarasa manane, yote ya kupakwa nyeupe. Cheupe alikwenda kutafuta chumvi, akachelewa, na aliporudi akakuta ukuta wa darasa la kwanza umepakwa samawati, ile ya mbingu ikishakatika mvua, na fremu za madirisha waridi. Shoto, akiwa na miaka ishirini na miwili, alikuwa amejitafutia rangi ya unga na kuichanganya kwenye chokaa ya baba yake. Watoto walikuwa wamejazana uani wanapiga makofi. Mwalimu mkuu naye alikuwepo, mikono nyuma, hapigi kofi.

"Fundi," alisema, "hii ni shule au ni duka la pipi?"

Watu wazima waliokuwa karibu wakacheka. Kama wasingecheka, pengine mambo yangeishia kwenye kelele za kawaida za baba na mwana. Lakini walicheka, na Cheupe akaona kichwa kinamchemka.

"Chukua brashi zako," alimwambia mwanawe mbele ya wote, "nenda ukapake huko wanakopenda rangi. Kwangu usirudi mpaka mikono yako iwe misafi."

Shoto aliitazama mikono yake, samawati mpaka viwikoni, kama anayepiga hesabu ya siku zitakazohitajika kuisafisha. Akaokota brashi mbili, akatoka kwa lango la nyuma. Nyumbani alipita kuchukua shati tu.

Kabla jua halijazama Cheupe aliufunika ukuta ule kwa chokaa nyeupe, akarudia mara tatu. Ukawa kama kuta nyingine. Lakini chokaa ikilowa huwa kama karatasi iliyodondokewa mafuta, huonyesha kilicho nyuma yake. Mvua za kwanza zilipokuja, samawati ikatokeza, na fremu za waridi zikaonekana kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Jua lilipotoka, zikaondoka. Kila msimu ilikuwa hivyo. Siku za mvua Cheupe alizunguka njia ndefu ili asipite pale shuleni. Hakuna mtu aliyejua kuliko yeye maji yanavyoifanya chokaa. Lishike hili, kwa maana siku lilipohitajika, yeye mwenyewe lilimponyoka.

Mkewe hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Aliacha tu kumwita Baba Shoto. Akawa anamwita "wewe". Wewe, chakula tayari. Wewe, kuna mgeni mlangoni. Kwa miaka tisa mtu yule aliishi ndani ya nyumba yake akiitwa kama mpita njia.

Mwaka wa kwanza Cheupe alikaza shingo, akasema njaa itamrudisha. Mwaka wa pili akaanza kuwauliza madereva wa masafa marefu, kwa kuzungukazunguka, kana kwamba anamuulizia mtu wa jirani. Mwaka wa nne alikuwa amekwisha kutembelea hospitali na vituo vya polisi vya miji mitatu, kofia mkononi. Hapakuwa na simu, barua wala salamu. Na bado alikuwa hajamwambia mtu yeyote, hata mkewe, kwamba alikosea.

Mwaka wa tisa moyo wa Mama Shoto ukaanza kumsumbua. Daktari alieleza kwamba kuna mlango ndani ya moyo usiofunga sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Akifanyiwa operesheni atapona, akiachwa hatamaliza mwaka. Akapangiwa tarehe. Mama Shoto aliisikiliza ile tarehe, akafunga mkoba wake, akasema hapandi kitanda hicho mpaka apate habari ya mwanawe. Hakusema kwa hasira. Alisema kama msafiri anayekataa kupanda gari kabla mwenzake hajafika. Tarehe ikapita. Akapangiwa nyingine, nayo ikapita. Ya tatu iliangukia Alhamisi, alazwe Jumatano asubuhi, na daktari akasema bila kuzunguka kwamba ya nne haitakuwepo.

Jumapili kabla ya Alhamisi hiyo, binti yao alikuja kula nao. Huyu ndiye mdogo wake Shoto, dereva wa lori dogo la kusambaza magodoro. Wapakiaji kazini walimpa jina la Godoro, naye akawaambia afadhali yeye godoro, wao ni foronya tupu. Wiki tano zilizopita, mvua zilipoanza, alikuwa amehamishiwa njia ya pwani. Akasema, akichota mboga, kwamba huko pwani kuna nyumba ya kijani yenye madirisha ya manjano, na chini ya dirisha moja ameona michirizi mitatu imelala upande wa Shoto. Hakuweza kusimama, nyuma yake kulikuwa na foleni ya magari.

Cheupe aliacha kutafuna. "Rangi yake ikoje?"

"Inang'aa, baba. Kama imepakwa juzi."

Mama Shoto aliweka kijiko chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Nendeni," alisema. "Mkiniambia mko nyuma yake, hata kama hamjamshika, nitalala hicho kitanda."

Waliondoka Jumanne asubuhi, magodoro arobaini nyuma chini ya turubai, baba na binti mbele. Mvua ilikuwa haijakatika tangu ilipoanza wiki tano nyuma. Vifuta-maji vya kioo vililia kila vilipopanda, na binti akasema amekwisha kuvizoea, akivikosa atashindwa kuendesha.

Cheupe alikuwa hajawahi kusafiri njia ile, na kwa saa ya kwanza alifanya alichofanya kila mahali: alikosoa. Mwanzo zilikuja nyumba fupi zenye kuta nene na madirisha madogo ya juu, milango ya buluu iliyokolea, na juu ya kila mlango matofali ya matundu yaliyopangwa kama maua ili upepo uingie na jicho la mpita njia libaki nje. Cheupe akasema aliyepaka milango ile hakupiga msasa. Baadaye barabara iliinama kuelekea baharini, zikaanza nyumba za baraza ndefu na nguzo za rangi mbili: chini rangi ya udongo, tope linaloruka lisionekane, na juu kila mtu na yake, manjano ya kiini cha yai, kijani cha jani changa la mgomba, zambarau, waridi. Mapaa ya bati yalipakwa nyekundu. Palikuwa na duka lenye mistari ya kusimama kama shati la pajama, na nyumba ya ghorofa moja ambayo kila dirisha lilikuwa na rangi yake, kama familia iliyoshindwa kukubaliana.

"Hii inakwenda harusini," Cheupe alisema.

"Na ile?"

"Ile imetoka harusini, imelewa."

Binti alicheka mpaka akapunguza mwendo. Akamuuliza inakuwaje mtu aishi miaka sitini na moja, awe fundi rangi, aje kuona rangi leo. Cheupe akajibu kwamba haoni rangi, anaona makosa. Lakini alikuwa amefuta mvuke kwenye kioo cha upande wake kwa mkono wa shati, na aliendelea kuufuta. Mvua ilizifanya zile kuta ziive. Chini ya wingu zito la kijivu zilikaa kama matunda sokoni. Miaka yote ile alidhani rangi ni makelele. Sasa aliona watu wasio na kitu kingine cha kusema kuhusu maisha yao wamesema kwa ukuta: hapa tupo, tuoneni. Nani alimpa yeye ruhusa ya kuwanyamazisha watoto wa darasa la kwanza? Swali hilo lilimjia lenyewe, akageuza uso dirishani.

Nyumba ya kijani ilikuwa kwenye kona, baada ya daraja. Lango lilikuwa na kufuli na hakuna aliyeitika. Cheupe aliingiza mkono kati ya vyuma, akaugusa ukuta chini ya dirisha. Michirizi mitatu, mrefu, wa kati, mfupi. Akashika lango kwa mkono wa pili.

Kijani kilibaki kwenye kidole chake. Akarudi garini akiwa amekiinua juu kile kidole, mvua ikimpiga kichwani, kama mtoto aliyejikata.

"Inatoka," alimwambia binti. "Unaona? Chokaa ikikaa miaka inashika, haitoki hivi. Hii haijamaliza hata msimu."

Hapo ndipo alipoanza kujipoteza, na alijipoteza kwa ufundi wake mwenyewe. Chokaa changa hutoka kwenye kidole, ni kweli. Lakini chokaa iliyozeeka, ambayo chumvi yake imekwisha kuoshwa na mvua za miaka, nayo hutoka hivyohivyo. Mwanafunzi wake yeyote angelisema hilo. Yeye ndiye aliyewafundisha.

Waliendelea, macho kila mmoja upande wake. Kilomita ishirini mbele wakaona kibanda cha kinyozi cha zambarau na michirizi chini ya dirisha. Kinyozi alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, na wote wawili walisikiliza habari ile kwa makini. Kinyozi akasema yeye mambo ya kuta hayajui, anajua vichwa. Kibanda alikodi kwa mtu aliyekodi kwa mtu. Lakini kweli, akasema, rangi imekaa vizuri. Mteja akaongeza kwamba fundi wa hivyo hawezi kuwa amefika mbali. Cheupe alishukuru kama aliyepewa ramani.

Ikafuata nyumba ya manjano, kisha choo cha shule moja kilichopakwa chungwa, na Cheupe akacheka kwa sauti, kicheko ambacho binti yake alikuwa amekisahau. Hata choo! Kila ukuta uling'aa kuliko uliotangulia, naye kila mara alitoa siku: huu wa miezi mitatu, huu wa mwezi mmoja, huu haujafika wiki mbili. Binti alimtupia jicho. Kisha akarudisha macho barabarani.

Alasiri walifika mji mdogo ambapo magodoro yalitakiwa kushushwa kesho yake. Kulikuwa na nyumba ya wageni barabarani, na mkabala wake, ng'ambo ya lami, nyumba ya baraza yenye ukuta wa samawati na fremu za waridi, na chini ya dirisha michirizi mitatu.

Cheupe hakushuka. Alikaa na mkono kwenye kitasa. Haikuwa samawati yoyote tu, ilikuwa ile. Waridi ilikuwa ileile. Mwanawe alikuwa ameurudia ukuta wa darasa la kwanza, umbali huu wote kutoka nyumbani, tena ukubwa mara mbili, na hapakuwa na mtu wa kumfuata nyuma na ndoo ya chokaa.

Barazani palikuwa na mwanamke mshona nguo, cherehani yake imesogezwa mbali na maji yanayodondoka, na ndoo tatu zimepangwa kando ya ukuta kukinga mvua ya paa. Aliwakaribisha, akawapa viti. Akasema yeye ni mpangaji, alihamia na hizi mvua, nyumba aliikuta hivihivi, na kwa kweli ndiyo iliyomvuta, alipoiona tu akajua nguo za hapa zitapata wateja. Aliyeipaka hamjui. Mwenye nyumba atakuja asubuhi kutazama paa linalovuja; huyo ndiye wa kuulizwa.

Binti alimvuta baba yake pembeni, akamwomba wasimpigie mama kwanza, wasubiri mwenye nyumba. Cheupe alikwisha kubonyeza namba.

"Nimeiona kazi yake," alisema kwenye simu. "Nyumba tano. Ya mwisho niko mbele yake sasa hivi. Ni ile samawati, ile aliyopaka shuleni. Rangi mpya kabisa. Tuko nyuma yake, hayuko mbali."

Alimsikia mkewe akivuta kiti. Kisha mkewe akasema, "Haya, Baba Shoto. Kesho nitakwenda."

Cheupe alikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya mkewe kukata. Binti alidhani bado wanaongea.

Asubuhi yake Cheupe aliamshwa na kimya. Mvua ilikuwa imekatika, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano. Alitoka na kikombe cha chai, akakaa kwenye ngazi ya nyumba ya wageni, ng'ambo ya ule ukuta. Binti alikuwa upande wa pili wa lori anashusha magodoro na watu wa duka. Mbingu ilikuwa safi, na jua lilipanda juu ya mapaa likatua moja kwa moja kwenye nyumba ya samawati, ambayo bado ilikuwa imelowa na inawaka. Aliitazama kwa raha, kama mtu anayemtazama mwanawe akila.

Ukuta ukaanza kukauka kutoka juu, chini ya bati.

Mwanzo alidhani ni mwanga. Palitokea utepe wa rangi ya maji ya mchele, upana wa kiganja, ukateremka. Palipopita utepe ule, samawati iliondoka, kama mtu anavuta shuka polepole kutoka kitandani. Fremu za waridi zikawa rangi ya kovu la zamani. Nyufa zikajitokeza, nyembamba, zimetawanyika kama mishipa mkononi mwa mzee. Chini ya dirisha chokaa ilikuwa imebanduka kwa vipande na udongo unaonekana, na ile michirizi mitatu ikakauka ikabaki miwili, kisha ukabaki ule mrefu peke yake, tena kwa anayejua pa kutazama.

Sasa akaukumbuka ukuta wa shule. Aliukumbuka wote kwa mara moja, kila msimu, kila njia ndefu aliyozunguka. Aliweka kikombe chini, chai ikamwagika. Jicho lake la fundi lilikuwa limerudi, na halikumhurumia. Ukuta ule ulikuwa na miaka minane. Wa kijani pia. Wa kinyozi pia. Kidole chake kilikuwa kimemwambia ukweli tangu jana, yeye akautafsiri apendavyo.

Alivuka lami. Mwenye nyumba alikuwa amefika, mwanamume mnene mwenye ngazi begani, anazungumza na mshona nguo juu ya bati. Cheupe alimsalimu na kumuuliza.

"Kijana wa kushoto?" mwenye nyumba alisema, akitua ngazi. "Huyo ni wa zamani, ndugu yangu. Mwaka ule lami inawekwa. Minane sasa, au inakaribia tisa. Fundi hodari. Alikaa nasi wiki mbili, akasema anakwenda mbele."

"Mbele wapi?"

"Hakusema. Tulimuuliza tu kwao ni wapi, akatuambia kwao wanapenda nyeupe." Mwenye nyumba akacheka kidogo. "Nakumbuka kwa sababu ya mikono yake. Alikuwa anaisugua kila jioni hapo bombani. Kwa mchanga. Nikamwambia, kijana, utaitoa ngozi, fundi rangi na mikono misafi wapi na wapi. Akasema anaihitaji misafi."

Cheupe aligeuka akalitazama lile bomba. Simu ikalia mfukoni mwake.

Alikuwa mkewe. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wodini, vyuma vinagongana, mtu anaita jina la mtu. Akasema amekwisha kupewa gauni na kitanda, na nesi amemletea karatasi ya kutia sahihi, amesimama hapo anamsubiri. Alikuwa anahema kati ya maneno.

"Niambie tena, Baba Shoto. Nataka nisikie kabla sijaandika. Ile rangi ni mpya kweli?"

Mbele yake ukuta ulikuwa umekauka mpaka usawa wa kiuno, mweupemweupe, umekwisha. Alitazama kushoto, kulia. Ndoo tatu za mshona nguo zilikuwa palepale kando ya ukuta, zimejaa maji ya jana.

Binti yake, aliyekuwa amevuka barabara akifuta jasho, alimwona akiibana simu kati ya sikio na bega, akainama, akashika ndoo ya kwanza kwa mikono miwili, akaumwagia ukuta kwa nguvu zake zote. Mwenye nyumba aliruka nyuma na ngazi yake. Maji yakapasuka chini ya bati, yakateremka, na kila yalipopita samawati ikarudi, ileile, mbivu, na fremu za waridi zikafumbua macho. Chini ya dirisha ikatokea michirizi, mmoja, miwili, mitatu.

"Naiona," Cheupe alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Niko mbele yake, Mama Shoto. Inang'aa. Weka sahihi."

Simu ilikwaruza kidogo. Ikasikika karatasi ikigeuzwa, kalamu ikiwekwa juu ya meza ya bati, na nesi akisema haya mama, lala sasa. Mkewe alisema jambo ambalo hakulisikia, kisha simu ikakatika.

Alibaki amesimama na ndoo tupu. Jua lilikuwa limepanda na kupata nguvu, na ukuta ukaanza kutoa mvuke. Binti alimtazama baba yake, akautazama ukuta, akaelewa bila kuelezwa, na ghadhabu aliyokuwa nayo tangu baba yake alipopiga ile simu ya jana ikamshuka usoni. Alitembea mpaka kwenye ndoo ya pili, akaiinua, akasimama nayo kando ya baba yake.

Juu kabisa, chini ya bati, ule utepe wa rangi ya maji ya mchele ulikuwa umekwisha kutokea tena.